Mpagazi Mwenye Mabawa Miguuni

Kisanga, Bukene
9 Machi 2025

Kwa mke wangu mdogo Theodora,

Mwangaluka. Mume wako mzima, nina meno kumi na moja na yote yanatafuna. Huku wote wazima isipokuwa mbuzi wa Ezekia, kala mfuko wa saruji akafa, na Ezekia kamlilia kuliko alivyomlilia mama mkwe. Mahindi yamesimama kama askari. Huyo kijana uliyeolewa naye huko Tabora mwambie asinenepe sana, mwenye mali nipo hai.

Barua yako konda wa basi kanipa mkononi. Unauliza kwa nini Februari sikuja hospitali, na kwa nini sipigi simu. Simu huku mpaka upande kichuguu cha nyuma ya shule, na ukipanda pale kijiji kizima kinajua mpaka ulichokula jana. Ndiyo maana naandika, na shule yangu unaijua, ngumbaru ya mwaka sabini na tatu, na hata ile nilikwenda kwa sababu mwalimu alikuwa na shingo nzuri.

Sikuja kwa sababu siku hizi mimi ni mtu mkubwa. Usicheke. Unamjua Mpagazi wangu? Hapana, humjui, hata baba yako alikufa hajamwona. Ni sanamu ya shaba, urefu wake toka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Kijana mzuri, kasimama kwa mguu mmoja kama anaruka kijito, ana kofia yenye mabawa, na kwenye vifundo vya miguu mabawa tena. Nguo hana hata moja. Katekista alipomwona akageuza uso, nikamfunga kipande cha khanga. Babu yangu mzaa baba, mpagazi mkuu wa misafara, ndiye alimbeba toka pwani kichwani, akapita Ugogo, akapita Tura, akaingia Tabora, akasonga mpaka hapa, wenzake kumi na wawili wakafa kwa kiu yeye hakutoka hata jasho.

Sasa kijiji kizima kinamheshimu Mpagazi, na mimi mrithi wake. Naletewa maziwa kila asubuhi. Shamba wamenilimia. Samweli, kamanda wa sungusungu, ananifuata nikienda chooni, anasimama mbali kidogo na upinde wake. Mtemi gani alipata hayo?

Kwa hiyo macho yasubiri kidogo. Naona vizuri tu. Juzi nimemwona kunguru akiwa Nzega.

Mimi mume wako,
Masolwa

*

Tabora
30 Machi 2025

Shikamoo babu,

Huku tu wazima. Mume wangu kasikia salamu zako, anasema njoo umnyang'anye, atakupa na nauli. Mtoto kaota jino la kwanza, kwa hiyo kakuzidi, yeye yanaongezeka.

Babu, tuache utani nusu ukurasa. Mimi nafanya usafi kitengo cha macho, si daktari, lakini miaka sita nimesikia daktari akisema neno moja kila siku. Hiyo presha ya macho haiumi. Inakula kimyakimya, na ilichokula hakirudi. Oktoba ulipokuja ulipewa dawa ya matone, na uliambiwa Februari urudi wakufanyie upasuaji. Hukurudi. Matone yenyewe yameisha toka Januari, nimehesabu.

Daktari bingwa anakuja tena tarehe 6 Mei. Nimeshakuandikisha jina. Panda treni Bukene, nitakuwa stesheni.

Halafu barua yako mistari imepanda mlima. Ilianza chini ikaishia kwenye kona ya juu, na neno la mwisho umeliandika juu ya lingine. Zamani ulikuwa unaandika kama umepiga rula.

Mjukuu wako,
Theodora

Huyo Mpagazi mbona bibi Bertila hakuwahi kunitajia?

*

Kisanga, Bukene
18 Mei 2025

Mke wangu mwenye ukali,

Mwangaluka. Mistari imepanda mlima kwa sababu meza ina mguu mfupi. Karanga tumevuna, Ezekia kanunua mbuzi mwingine, huyu anamfunga mbali na saruji. Jino la mtoto nimelisikia, mwambie la kwangu la kumi na moja namwachia urithi.

Tarehe 6 sikuja, na sasa nakwambia kwa nini, ila usimwambie mtu, nina heshima yangu.

Nilitoka. Nilivaa koti, nikachukua fimbo, nikafika stesheni ya Bukene kabla ya treni. Nimekaa kwenye benchi, nasikia filimbi. Si ya treni. Ya sungusungu. Wanakuja watu ishirini, mbele Samweli. Akapiga goti. "Shikamoo babu." Marahaba. "Babu, turudi nyumbani." Nikamwambia nakwenda kuona macho. Akasema, "Babu, macho ni yako, mvua ni yetu." Wakaniinua na benchi, Theodora! Wakanibeba mpaka Kisanga wanaimba, akina mama wanapiga vigelegele, mimi juu kama bwana harusi. Nililia, wakadhani ni furaha.

Kosa ni la mdomo wangu. Novemba alikufa rafiki yangu Leodgar, jirani yangu miaka hamsini. Siku ya maziko watani wao wakaja kutoka Ziba. Unajua mambo yao, yule Revocatus akaingia kaburini akalala, akasema hatoki, jeneza halishuki, mpaka Masolwa aseme ukweli mmoja tangu azaliwe. Watu wakacheka, hata wafiwa. "Babu yako alibeba nini toka pwani, Masolwa? Maneno?" Nikapandwa na hasira. Nikakimbia nyumbani, nikamtoa Mpagazi alikokuwa, chini ya ghala, nikamsimamisha ukingoni mwa kaburi. Nikawaambia huyu ndiye anayetembea na mvua, na atakaa Kisanga maadamu mrithi wa aliyembeba anakaa Kisanga. Mrithi akivuka reli, Mpagazi anaruka na mvua yake. Hata kidole gumba cha kushoto hana, nikawaonyesha, simba alimng'ata Ugogo, babu akamnyang'anya mdomoni.

Yalinitoka tu. Nilitaka Revocatus atoke kaburini.

Basi kabla hatujamaliza kufukia, mvua! Ikanyesha Kisanga, Bukene mjini vumbi. Na ikaendelea hivyo mpaka mavuno.

Nitafanya mpango. Wewe usihofu. Naona vizuri.

Masolwa

*

Tabora
2 Juni 2025

Shikamoo babu,

Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikakaa hapohapo nikalia. Wote wazima. Mume wangu yuko safari ya Kigoma na lori.

Nimemwandikia kamanda Samweli, nimemtumia na cheti cha daktari chenye mhuri. Kanijibu kwa heshima sana. Anasema wanakupenda, na kama ni daktari basi wako tayari kuchanga aletwe Kisanga. Babu, mashine ya upasuaji ina ukubwa wa kabati, na inataka umeme usiokatika. Tarehe nyingine ni 20 Agosti.

Nikupe habari ya hapa. Kuna mgonjwa wetu, bibi Apolinaria, mtu wa Urambo, wamemtoa mtoto wa jicho juzi. Nilikuwa nampa chai nikamsimulia habari ya Mpagazi nipate kumchangamsha. Akaweka kikombe chini. Anasema ujana wake alifanya kazi ya ndani kwa Mgiriki mwenye mashamba ya tumbaku. Sebuleni kwake kulikuwa na sanamu nne za shaba za kale, za baba zake Mgiriki, za masimulizi ya kwao. Mwanamke mwenye upinde. Mzee mwenye ndevu na uma wa kuchomea samaki. Mtu mwenye miguu ya mbuzi anapiga filimbi. Na kijana mwenye mabawa miguuni, ambaye Wagiriki wa zamani walimwita mungu wa wasafiri na wajumbe. Mama wa nyumba hakutaka zisuguliwe na majivu, alitaka ubaki ule weusi wa kijani, ni kitambaa kikavu tu. Siku moja Apolinaria akamgonga yule kijana kwa mpini wa fagio, kidole gumba cha kushoto kikadondoka, akakifukia kwenye chungu cha maua.

Anakusalimu. Anasema mpasua kuni wa pale naye aliitwa Masolwa, mwenye maneno mengi.

Sikuulizi kitu, babu.

Theodora

*

Kisanga, Bukene
10 Agosti 2025

Theodora,

Mwangaluka. Wazima. Nakutumia michembe ya viazi debe moja na asali kidogo, konda asipoila njiani.

Barua yako ilichelewa.

Masolwa ni wengi. Unyamwezi nzima ukirusha jiwe litampata Masolwa.

Nimefanya ulichotaka ingawa hukukisema. Jumapili kwenye pombe nilisimama nikasema, jamani, nisikilizeni, Mpagazi ni shaba tu, mvua haijui, yale nilisema uongo, niacheni niende Tabora. Walicheka, Theodora. Samweli alicheka mpaka akamwaga kibuyu. Yule mtani Revocatus alikuwepo, akasema, "Mnamwona? Sasa anadanganya kwamba alidanganya!" Wakaninunulia nyingine. Mtu aliyechekesha watu miaka hamsini akisema anaungua, wanamsogezea moto waone zaidi.

Sasa wameongeza ulinzi. Wanne mlangoni, kwa zamu. Wanasema mrithi kachoka, asije akapotea. Chakula naletewa mpaka mkononi. Jembe sijagusa mwaka mzima, naona kama mimi ndiye kuku wa kuchinjwa Krismasi.

Tarehe 20 usiningoje stesheni.

M.

*

Tabora
24 Agosti 2025

Shikamoo babu,

Michembe imefika, asali haikufika. Wote wazima. Sikukungoja stesheni, nilipita tu pale kwa bahati, mara mbili.

Nitasema yangu kwanza ili nawe upate pa kuanzia. Oktoba daktari aliponiita pembeni hakusema habari ya matone peke yake. Alisema jicho lako la kushoto limeshaliwa karibu lote, la kulia ndilo la kuokoa, na lisipopasuliwa ndani ya mwaka litafuata. Nilikuficha. Niliona ulivyokuwa unataniana na wauguzi nikashindwa. Hilo ni kosa langu, nalibeba.

Sasa lako. Babu, kwenye pombe uliwaambia ulidanganya. Hukuwaambia ukweli. Ni vitu viwili. "Ni uongo" kila mtu anaweza kusema akacheka. Bibi Apolinaria kanimalizia ile habari. Mgiriki alikuta sanamu tatu badala ya nne. Ufunguo wa sebule alikuwa nao mpishi. Mpishi alifungwa miezi kumi na minane. Aliitwa Leodgar.

Leodgar uliyeniambia ni jirani yako miaka hamsini. Ulimtoa Mpagazi siku ambayo mtu pekee wa kumtambua alikuwa ndani ya jeneza.

Mjane wake, bibi Veneranda, yupo hai? Amewahi kuja kumwona huyo Mpagazi?

Daktari anakuja mara ya mwisho mwaka huu tarehe 15 Oktoba.

Theodora

*

Kisanga, Bukene
5 Oktoba 2025

Mjukuu wangu Theodora,

Mwangaluka. Hii barua nimeiandika siku tatu. Nimeweka fimbo juu ya karatasi iniongoze mstari. Wote wazima, mbuzi yule wa pili naye mzima.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilipasua kuni kwa Mgiriki. Bibi yako Bertila alikuwa akipita na ndoo, nami nikimsimulia kila siku kwamba babu yangu mpagazi alileta mtu wa shaba toka pwani. Babu yangu kweli alikuwa mpagazi, ila alibeba chumvi, na alirudi na kikohozi. Siku moja Bertila akatua ndoo akasema, "Basi nionyeshe huyo mtu wa shaba." Hivyo tu. Nikaingia kwa dirisha. Nikamwonyesha, akanikubali. Baba yako alizaliwa kwa ajili ya hicho kitu, na wewe.

Walipomchukua Leodgar nilikuwa na shoka mkononi, hatua kumi. Niliendelea kupasua. Alirudi mwembamba. Akahamia Kisanga, tukawa majirani, tukanywa pamoja miaka yote hiyo. Hakuniuliza hata siku moja, nami nilikuwa namchekesha, Theodora, nilimchekesha kuliko mtu yeyote duniani, nikidhani hiyo inatosha.

Ijumaa ile ya tarehe 26 nimemfunga Mpagazi kwenye khanga, nimekwenda kwa Veneranda. Samweli nyuma yangu. Nimemkuta anabangua karanga za mbegu. Hajawahi kuja kumwona Mpagazi, siku ya maziko alikuwa ndani na wanawake wenzake. Nimekaa chini, si kwenye kigoda. Nimesema yote. Dirisha, ufunguo, shoka. Sikuweka chumvi hata punje moja, na sijui kama nimewahi kusema maneno mengi hivyo bila chumvi.

Alikuwa anabangua tu. Nilipomaliza akasema, "Nipe." Akampima mkononi kama unavyopima jogoo sokoni. "Ndiye huyu?" Ndiye. "Mwepesi," akasema. "Nilimzaa Koleta peke yangu kwa ajili ya huyu. Nikampeleka gerezani akiwa na wiki sita ili baba yake amwone kupitia kwenye nondo. Nilidhani ni kitu kizito."

Samweli pale mlangoni akaanza kucheka. Akasema, "Bibi, usimsikilize, babu anatania."

Veneranda akainua uso. "Samweli, babu huyu anatania na wewe. Mimi leo si mtani wa mtu."

Samweli akavua kofia. Nadhani aliniangalia, sikuuona uso wake.

Halafu Veneranda akamuuliza, "Mlisema Mpagazi anakaa na nani?" Samweli akasema na mrithi wa aliyembeba. "Basi aliyembeba ni mume wangu. Miezi kumi na minane alimbeba. Mrithi ni mimi, na mimi siendi popote, nina shamba. Mvua mkaiombe kwa Mungu kama watu wengine. Huyu mzee mwacheni aende zake."

Nikamwambia, shemeji, nisamehe. Akasema, "Nina karanga za kubangua."

Akamweka Mpagazi kwenye rafu, kati ya taa na chupa ya mafuta ya taa, akaendelea na kazi. Mimi nikatoka. Samweli hakunifuata. Nilitembea peke yangu mpaka nyumbani, mara ya kwanza toka Novemba, nikagonga mguu kwenye kisiki mara mbili, hakuna aliyenishika.

Maziwa siku hizi anapelekewa yeye. Anawagawia wajukuu wa Koleta. Watu wakinisalimu wanasalimu haraka. Revocatus kapita juzi toka Ziba, hakunitania. Hilo ndilo limeniuma, usimwambie mtu.

Jumanne tarehe 14 napanda basi, treni siiamini tena. Nimeshamwambia konda.

Na mimi nilikuficha. Jicho la kushoto lilizimika toka Pasaka. Kwa hiyo ukiniona stendi nakupita bila salamu usidhani ni maringo ya mume. Njoo upande wa kulia, useme jina lako.

Babu yako,
Masolwa